Kioo Kikizima, Laptopu Ikigoma Kuamka: Mwongozo kwa Watumiaji wa Masasi na Newala

Mkulima ameleta korosho ghalani, mzigo umepimwa, na karani wa chama cha msingi anaingiza kilo kwenye laptopu. Ghafla kioo kinakuwa cheusi. Baada ya sekunde chache kinarudi, na kwenye kona ya chini unatokea ujumbe kwamba draiva ya kioo iliacha kujibu, sasa imepona. Karani anaendelea na kazi. Robo saa haijapita, kioo kinazima tena, na safari hii hakirudi. Nje foleni inasubiri.

Mwalimu wa sekondari kule Newala anaujua usumbufu wa namna nyingine. Jioni anaifunika laptopu akiwa ameandaa nusu ya mtihani. Asubuhi anaifunua: taa inawaka, feni inazunguka, kioo giza tupu. Anashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, na kazi ya jana imekwenda nayo.

Wengi wetu tukifika hapo tunakimbilia dawa moja tu: kumpelekea fundi "apige Windows", yaani aiweke upya. Mara nyingine inasaidia. Lakini mara nyingi tatizo hurudi baada ya siku chache, na mwenye laptopu ameshapoteza mafaili, bando na hela. Ushauri wa mwongozo huu ni huu: kabla ya kubadilisha chochote, jua tatizo linatokea lini, wapi, na baada ya nini. Maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha ugonjwa wa draiva, wa umeme, wa joto na wa chipu yenyewe. Maelekezo yote ni ya Windows 10 na Windows 11, na majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo ili usipotee njiani.

Kwa nini ujumbe huitaja draiva

Draiva ya picha ni programu inayokaa kati ya Windows na chipu inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Windows inatoa amri, draiva inaitafsiri kwa lugha ya chipu ya Intel, AMD au NVIDIA. Chipu ikikaa zaidi ya sekunde 2 bila kujibu, Windows huihesabu imekwama, kisha huiwasha draiva upya. Ndiyo maana kioo huwa cheusi halafu kikarudi. Kuwasha upya kukishindikana, mashine nzima husimama na kukuonyesha kioo cha buluu chenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Mara nyingi jina la faili hufuata: nvlddmkm.sys ni la NVIDIA, igdkmd64.sys ni la Intel, atikmpag.sys ni la AMD. Liandike jina hilo mahali.

Draiva mbovu zipo, na hazijaanza leo. Nyaraka za Microsoft zilizowekwa wazi mwaka 2008 katika kesi moja huko Marekani zilionyesha kwamba karibu asilimia 29 ya miangusho ya Windows Vista iliyorekodiwa mwaka 2007 ilihusishwa na draiva za NVIDIA peke yake. Hata hivyo, zile sekunde 2 zikumbuke vizuri. Windows inachojua ni kwamba jibu limechelewa, kilicholichelewesha haikijui. Chipu iliyopata moto kupita kiasi huchelewa. Chipu inayopata umeme unaoyumba huchelewa. Ujumbe utakaoletewa ni uleule, na lawama itaangukia draiva.

Kioo kimezima sasa hivi: fuata hatua hizi

1. Subiri sekunde 10 bila kugusa kitu. Huenda draiva inajiwasha upya.
2. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo ni amri ya kuwasha upya draiva ya picha. Ukisikia mlio mfupi au kioo kikimeta, amri imepokelewa, na programu ulizofungua zinabaki zilivyokuwa.
3. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine iko hai na kilichokufa ni picha tu. Basi bonyeza Ctrl na S kujaribu kuokoa kazi uliyokuwa ukiiandika.
4. Mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu ndani ya giza, shida iko kwenye taa ya nyuma ya kioo au waya wake, na draiva haina kosa.
5. Kama kuna projekta au televisheni karibu, iunganishe. Picha ikitokea huko, chipu inafanya kazi. Chunguza kioo na waya wake.
6. Yote yakishindikana, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutolewa, bonyeza kitufe tena kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha rudisha vyote na uwashe.

Ikiwaka, kazi ya kwanza ni kunakili mafaili yako kwenye flashi. Usianze matengenezo yoyote kabla ya hapo.

Fungua daftari

Chukua daftari la kawaida. Kila laptopu inapoanguka, andika tarehe, saa, mahali ulipokuwa, kama chaja ilikuwa imechomekwa, programu uliyokuwa unatumia, na kama umeme ulikuwa umekatika au kurudi muda huo. Siku tano zinatosha.

Mashine nayo ina daftari lake. Bonyeza Windows na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Utaona kalenda ya miangusho, na alama nyekundu katika siku zenye shida. Kwa undani zaidi fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System. Namba 4101 maana yake draiva ya picha ilikwama ikawashwa upya. Namba 41 yenye jina Kernel-Power maana yake mashine ilizimika bila kuagwa, kwa umeme kukatika, kwa joto, au kwa wewe kushikilia kitufe.

Linganisha madaftari hayo mawili:

- Inaanguka mchana tu, kwenye chumba chenye mabati bila dari: anza na joto.
- Inaanguka unapochomeka au kuchomoa chaja, au umeme unaporudi: anza na umeme.
- Ilianza siku Windows ilipojisasisha: anza na draiva.
- Inaanguka ukifungua video au kivinjari peke yake: zima "graphics acceleration" kwenye mipangilio ya kivinjari, uangalie tena.
- Inaanguka inapoamka tu: nenda sehemu ya usingizi.
- Mistari na madoa ya rangi yanaonekana hata kabla Windows haijaanza kuwaka: ni kioo, waya au chipu.

Joto, vumbi na salfa

Masasi imezungukwa na vilima vya mawe, na ikifika Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, ofisi isiyo na dari inachemka kuanzia saa tano asubuhi. Newala iko juu, kwenye ukingo wa nyanda za Makonde unaotazama bonde la Ruvuma, na upepo wake kila mgeni anausimulia. Tofauti hiyo ya miji miwili ni kipimo cha bure. Laptopu inayoanguka saa nane mchana Masasi na kufanya kazi usiku kucha Newala kuna uwezekano mkubwa inaumwa joto. Chipu nyingi hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 za Selisiasi, na zikizidi hapo huzima mashine ili zisiungue.

Iweke laptopu juu ya meza ngumu. Godoro, mto na kanga huziba matundu ya chini. Inyanyue kwa nyuma kwa vizibo viwili vya chupa ili hewa ipite. Kila baada ya miezi michache, hasa kiangazi barabara zinapotoa vumbi jekundu, fungua mfuniko wa chini au mwombe fundi aufungue. Zuia feni isizunguke kwa kijiti, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini na pampu ya mkono. Feni ikizungushwa kasi na upepo wa pampu huharibika. Kama mashine ina miaka mingi, fundi abadilishe pesti inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupozea. Dawa ya meno haifai kwa kazi hiyo. Ikikauka joto linakwama.

Huku kwetu kuna adui mwingine ambaye miongozo ya kompyuta mara nyingi haimtaji. Katikati ya mwaka wakulima hupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na mifuko ya salfa hukaa kwenye maghala ambamo mara nyingi ndimo ilimo meza ya karani. Salfa hushambulia shaba na fedha, na madini hayo ndiyo yanayopitisha umeme ndani ya laptopu. Hujenga utando mweusi kwenye miunganisho, na baada ya muda viungo vidogo vya mazabodi, yaani bodi kuu ya laptopu, hukatika. Usifungue laptopu kwenye chumba chenye mifuko ya salfa. Kama ofisi ni moja na ghala ni hilohilo, funga mashine kwenye mfuko wa plastiki kila unapomaliza kazi, na uombe uongozi wa chama ukutafutie chumba kingine. Usije kwenye kibodi na nguo zenye salfa ya shambani.

Umeme

Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilijitegemea kwa umeme wa gesi ya Mnazi Bay, nje ya Gridi ya Taifa, na wakazi wa nyanda za Makonde wanajua maana ya umeme kupungua jioni au kurudi kwa kishindo. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako. Nyingi zimeandikwa 100–240V, kwa hiyo umeme mdogo si hatari kubwa kwazo. Hatari ni ule mruko wa ghafla umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke. Kwa ofisi yenye kompyuta kadhaa, stabilaiza nzuri ni gharama ndogo kuliko mazabodi moja.

Chaja ya bandia ni chanzo kingine kinachosahaulika. Volti zilizoandikwa kwenye chaja lazima zilingane na za laptopu, na ampea ziwe sawa au zaidi. Laptopu za Dell huitambua chaja kupitia sindano nyembamba iliyo katikati ya plagi yake. Zisipoitambua, hupunguza kasi na hukataa kuchaji betri. Kama unatumia sola, sikiliza chaja: ikinguruma au ikichemka kuliko kawaida, inveta haitoi umeme safi. Fanya jaribio moja: tumia laptopu kwa betri peke yake kwa saa moja. Isipoanguka, ukirudisha chaja ikaanguka, umempata mshukiwa.

Draiva yenyewe

Joto na umeme vikiwa sawa, sasa shughulikia draiva. Badilisha kitu kimoja, tumia mashine siku mbili, andika matokeo, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mkupuo hutajua kipi kilitibu.

Anza kwa kujua chipu yako. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukiona majina mawili, kwa mfano Intel na NVIDIA, laptopu yako ina chipu mbili zinazopokezana kazi, na draiva zake zinahitaji uangalifu zaidi. Ukiona "Microsoft Basic Display Adapter" peke yake, draiva halisi haijawekwa kabisa.

Rudisha ya zamani. Kama shida ilianza baada ya Windows kujisasisha, bofya mara mbili jina la chipu, ingia Driver, kisha Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna ya zamani iliyohifadhiwa.

Chukua draiva kwa mtengenezaji wa laptopu. Geuza mashine utazame stika: Dell huandika Service Tag, HP na Lenovo huandika namba ya mashine. Iingize namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji husika. Draiva iliyopo hapo ndiyo iliyopimwa na mashine yako, na ndiyo ya kuanza nayo kabla ya kwenda kwa Intel, AMD au NVIDIA moja kwa moja. Zikwepe programu za bure zinazojinadi kuwa zitakutafutia draiva zote; nyingi huleta matangazo na virusi.

Mpya si lazima iwe bora. Laptopu nyingi tunazotumia zimekuja zikiwa zimeshatumika nje, na umri wake ni miaka saba, nane hadi kumi. Julai 2022 Intel iliziweka chipu zake za picha za kizazi cha 6 hadi cha 10 kwenye kundi la zamani, ambalo haliletewi maboresho ya kawaida. NVIDIA nayo mwaka 2019 iliacha kutoa draiva mpya za kawaida kwa chipu za laptopu za familia ya Kepler. Kwa mashine ya namna hiyo, draiva ya miaka mitatu iliyopita inayofanya kazi ni mali. Ihifadhi kwenye flashi.

Safisha mabaki. Vipande vya draiva kadhaa vikirundikana, huvurugana. Programu ya Display Driver Uninstaller huvifuta vyote. Kabla ya kuanza, pakua programu hiyo pamoja na draiva mpya, uziweke kwenye flashi. Draiva ya NVIDIA inazidi MB 500, kwa hiyo ipakue mjini penye mtandao mzuri na bando la kutosha. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una namba ya kuifungulia, maana huenda ukaulizwa. Kisha:

1. Zima Wi-Fi na data, ili Windows isikimbilie kuweka draiva yake.
2. Shikilia Shift huku ukibofya Restart. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Mashine itawaka katika Safe Mode.
3. Endesha Display Driver Uninstaller, chagua aina ya chipu, kisha agiza ifute na kuwasha upya.
4. Weka draiva uliyoihifadhi, washa upya, ndipo urudishe mtandao.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Tangu Windows 8, "Shut down" ya kawaida haizimi mfumo wote. Sehemu yake huhifadhiwa ili mashine iwake haraka, na draiva iliyokwama huhifadhiwa pamoja nayo. Mtu anasema ameizima na kuiwasha mara tatu bila nafuu, kumbe ameamsha ugonjwa uleule mara tatu. Kinachowasha upya kweli ni Restart.

Kuhusu kusasisha BIOS: inaweza kutibu matatizo ya usingizi na ya picha, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo laptopu inaweza isiwake tena. Fanya tu betri ikiwa nzima na imejaa, na chaja imechomekwa. Betri ikiwa imekufa, acha.

Usingizi

Kulala na picha ni ndugu. Laptopu inapolala, chipu ya picha hukatiwa umeme karibu wote. Inapoamka, draiva ndiyo yenye kazi ya kuijenga upya. Ikishindwa, ndipo unapoona feni inazunguka na kioo kimekufa.

Fungua Command Prompt kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua Run as administrator. Andika powercfg /a. Ukiona Standby (S3), laptopu yako hulala usingizi wa kizamani: karibu kila kitu huzimwa, kumbukumbu tu ndiyo inayopata umeme. Ukiona S0 Low Power Idle, hulala jicho moja wazi kama simu, na huweza kuamka yenyewe kupokea vitu mtandaoni. Aina ya tatu ni Hibernate: kila kilicho wazi huandikwa kwenye diski, kisha mashine huzimika kabisa bila kutumia umeme. Sasa tibu kwa dalili:

Neno Sleep limetoweka kwenye menyu. Karani mmoja niliyemsaidia alikuwa ameshaambiwa anunue mazabodi. Laptopu ilikuwa imetoka kupigwa Windows, na draiva ya picha haikuwekwa. Bila draiva halisi, Windows haiwezi kuilaza chipu, kwa hiyo huondoa Sleep kabisa. Tuliiweka draiva, neno likarudi, na mazabodi haikuguswa.

Inalala lakini haiamki. Rudisha au safisha draiva kama ilivyoelezwa juu. Zima Fast Startup: Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, Change settings that are currently unavailable, ondoa alama kwenye Turn on fast startup. Ikiendelea, kwenye mipangilio ya juu ya Power Options tafuta PCI Express, uweke Link State Power Management iwe Off.

Inaamka yenyewe. Andika powercfg /lastwake uone nani aliiamsha, kisha powercfg /waketimers uone nani amepanga kuiamsha. Mara nyingi ni kipanya au kadi ya mtandao. Kwenye Device Manager, ingia Power Management ya kifaa hicho uondoe ruhusa ya kuamsha kompyuta.

Haitaki kulala. Andika powercfg /requests. Itakutajia programu inayoizuia, kama vile kicheza muziki au kichapishi kilichokwama.

Betri inaisha ikiwa imelala. Andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka, na hakuna draiva itakayoifufua.

Baada ya yote hayo, msimamo wangu kwa mtu wa nyanda hizi ni mmoja: kifuniko kikifungwa, laptopu iingie Hibernate. Andika powercfg /h on, kisha nenda Power Options, Choose what closing the lid does, uchague Hibernate kwa betri na kwa chaja. Betri zetu nyingi zimechoka na umeme hukatika usiku. Mashine iliyo kwenye Sleep itapoteza kazi, iliyo kwenye Hibernate haitapoteza. Na kuna safari. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ni kilometa 210, na ukiwa kwenye basi au bodaboda laptopu iliyolala jicho wazi inaweza kuamka ndani ya begi, ikachemka isipopata hewa. Yangu ilinifanyia hivyo: nilifika Masasi nikaitoa begini ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, betri tupu. Kama ina diski ya kuzunguka, mitikisiko humaliza diski pia. Hibernate huchukua sekunde chache zaidi kuamka. Sekunde hizo ni halali yake.

Ikiwa ni chipu

Dalili za chipu mbovu ni hizi: mistari na madoa yanaonekana hata kwenye kioo cha mwanzo cha mtengenezaji, mashine inaanguka hata ikiwa na draiva ya msingi ya Microsoft, na kwenye projekta picha ni mbovu vilevile. Kabla ya kukata tamaa, pima RAM kwa kuandika mdsched kwenye Start, maana chipu za picha zilizo ndani ya prosesa huazima RAM ya mashine, na RAM mbovu huiga ugonjwa wa picha.

Mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa udhaifu wa malighafi ya kuziunganishia. Februari 2015 Apple nayo ilianzisha mpango wa kutengeneza bure MacBook Pro za mwaka 2011 hadi 2013 zenye matatizo ya picha. Kampuni kubwa zilikiri kwamba si draiva. Kwa hiyo fundi akikuambia ataichoma chipu kwa hewa ya moto, muulize itadumu muda gani. Mara nyingi chipu iliyochomwa hufufuka kwa wiki au miezi, kisha hufa tena. Kama laptopu ina chipu mbili, njia nafuu ni kuizima ile mbovu kwenye Device Manager au kwenye BIOS, na kuendelea na ile nyingine.

Ukienda kwa fundi, ukienda kununua

Mpelekee fundi daftari lako. Mwambie: "Fundi, inaanguka saa fulani, ikiwa kwenye chaja, na nimeshafanya hili na lile." Omba akuonyeshe kipimo kabla hajapiga Windows, na akubali kunakili mafaili kwanza. Fundi mzuri atafurahi. Umempunguzia nusu ya kazi.

Ukinunua laptopu iliyotumika, iwe Masasi, Mtwara au Kariakoo, usiridhike kwa kuiona inawaka. Fungua Device Manager uone jina halisi la chipu ya picha. Cheza video dakika 15. Ilaze, iamshe, mara tatu. Iunganishe na kioo cha nje. Toa ripoti ya betri. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uliza kama mashine inaweza kupokea Windows 11.

Tangu 2007 korosho za huku zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, na sasa minada inaendeshwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Jasho la mkulima linapita kwenye laptopu ya karani kabla halijawa pesa, kama elimu ya mtoto inavyopita kwenye laptopu ya mwalimu wake. Basi msimu usikukute hujajiandaa. Mwezi mmoja kabla ya ghala kufunguliwa, safisha feni, hifadhi draiva inayofanya kazi kwenye flashi, washa Hibernate, nakili mafaili, na uliweke daftari karibu na mashine. Kazi hiyo ni ya alasiri moja.